Jiwe la Unga

Jumatano, 10 Aprili
Siku ya kumi na tisa peke yangu. Mvua. Nimefagia, nimechemsha viazi, nimekula viwili. Mama mkwe ameweka unga juu ya jiwe la mpakani, ameita jina langu mara moja, ameondoka. Nalishwa kama mbwa mkali.

Mtoto wangu wa kwanza alikufa akiwa na siku mbili. Kwa hiyo nimetengwa, sisi Wairaqw tunaita meeta. Nisiingie nyumba ya mtu, mtu asiingie kwangu. Nisichote maji na wenzangu, nisichukue moto kwa jirani. Wengi hapa Tlawi wameshaacha, hata kanisani wanakataza. Mama mkwe hajaacha. Mume wangu Baha anaendesha trekta mashamba ya ngano huko Basotu, barabara imekatika, simu yangu haina chaji. Sina wa kuongea naye, ndiyo maana naandika.

Alhamisi, 11 Aprili
Mvua. Namchukia mama mkwe. Nimeliandika, basi.

Ijumaa, 12 Aprili
Maji nachota kijito cha juu mlimani, ambako hafiki mtu mwingine. Leo yalikuwa mazito kama uji wa ulezi. Juu ya kijito ardhi imepasuka. Ufa mrefu, unapita katikati ya shamba la vitunguu saumu, mguu unaingia. Nimechomeka vijiti viwili, kimoja kila upande.

Chini ya ufa ni nyumba yangu. Chini ya yangu ni ya Paskalina na watoto wake wanne.

Jumamosi, 13 Aprili
Jana kati ya vijiti kulikuwa na kiganja kimoja. Leo ni hatua nzima.

Nimesimama kwenye jiwe nikamwita Paskalina mpaka koo likauma. Mvua juu ya bati, hakusikia. Alinipungia mkono, akadhani namsalimia. Mama mkwe alipoleta unga nikamwambia kwa mbali kwamba mlima unapasuka. Akasema nikalale, nimechoka.

Jumapili, 14 Aprili
Mvua inanyesha na kijito kimekauka, maji yote yanamezwa na ufa. Naogopa. Nikivuka jiwe niende kwao, wale watoto wakaugua, itasemwa nimewaua mimi. Na mimi mwenyewe nitaamini. Nisipovuka je?

Jumatatu, 15 Aprili. Shuleni
Nimevuka. Asubuhi niliingia kwa Paskalina bila hodi, nikambeba mtoto wake mdogo, nikatoka mbio. Paskalina na wale watoto watatu wengine wakanikimbiza. Hakuwa anaukimbia mlima, alitaka mtoto wake atoke mikononi mwangu. Tulikuwa tumefika barabarani mlima uliposhuka. Nyumba yangu ilikwenda, ya Paskalina ikafuata. Wote watano ni wazima.

Kaburi la mwanangu lilikuwa nyuma ya nyumba. Nilipolikumbuka nilikaa chini pale barabarani.

Jumanne, 16 Aprili
Familia nyingi zimejaa darasani, kila mtu anauogopa mlima. Hakuna aliyeniambia nitoke. Walisogeza tu mikeka. Mama mmoja anasema mlima umeshuka kwa sababu nilivuka. Paskalina anaangalia chini.

Nimehamia barazani. Nguo mbichi, moto sina. Maziwa bado yanatoka na hakuna wa kuyanyonya. Bora ningebaki ndani ya nyumba ile.

Jumatano, 17 Aprili
Mama mkwe amekuja kutoka kilima cha pili, matope mpaka magotini. Nikajua amekuja kunifukuza.

Alikuwa amebeba sufuria kuukuu iliyofunikwa kwa kipande cha bati. Ndani, makaa ya moto. Ya jikoni kwake. Hicho ndicho kitu ambacho mtu kama mimi hapewi. Akayaweka mbele yangu, akakaa chini, bega lake likagusa langu. Watu walikuwa wamejaa mlangoni.

Akawaambia, "Wa kwanza wangu alikufa. Nilikaa mwaka mzima peke yangu na hakuna aliyeniletea unga. Huyu amewatoa watoto wanne. Anayemwogopa aniogope na mimi."

Miaka mitatu nimeolewa kwake, sikujua. Unga ule wote kwenye mvua, na mimi nikamwita kila jina baya.

Tulipika uji, tukanywa kwa kikombe kimoja. Jioni Paskalina akatoka na mkeka wake, akautandika karibu nasi. Akamweka yule mtoto wake mdogo mapajani kwangu. Nililia sana.

Jumapili, 21 Aprili
Jua kidogo. Baha ametuma ujumbe kwa simu ya mwalimu. Anakuja, pengine kwa pikipiki, pengine kwa miguu.

Nimekwenda na mama mkwe kuangalia. Tope tupu, limeanza kukauka juu. Jiwe la unga lipo, limelala ubavu. Tulipima kwa hatua kutoka pale mpaka nyumba ilipokuwa, halafu nyuma yake. Tukasimama. Labda ni pale.

Mama akauliza nilimpa jina gani. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikamwambia, Emanueli. Akalitaja mara mbili, polepole.

Kisha tukarudi shuleni. Zamu ya kuwapikia watu ilikuwa yetu.