Mstari Mwekundu Niliouona Bahi

Mama Neema mpenzi,

Tangu tukiwa kazini, wewe nesi na mimi maabara, nimekuficha jambo, na kwa kifua hiki kinachonisumbua sitaki kwenda nalo kaburini.

Leo hapa Bahi, baada ya kiporo cha wali na kambale, binti yetu alinipeleka zahanati anakofanya kazi. Mama mmoja alileta mtoto mwenye homa. Nikainamia darubini robo saa, nikasema hana malaria. Neema akadondosha damu kwenye kipimo kipya chenye punje za dhahabu zisizoonekana hata kwa darubini. Punje hizo hunasa malaria hata ikiwa kidogo sana, na zikachora mstari mwekundu, mwembamba kama uzi.

"Baba, macho nayo yastaafu."

"Yalistaafu kabla hujazaliwa."

Mtoto alipokwisha kumeza dawa, tulicheka sote, hata mama yake.

Ubaki na amani, mke wangu, na usibebe ndoo peke yako.

Jambo lenyewe ni la yule mtoto wa bwana shamba, uliyeshikilia kuwa ana malaria, nami nikasifiwa hospitali nzima kwa kuona kimelea ambacho wenzangu walikikosa: sikuona kitu. Niliandika kipo kwa sababu ulisema wewe.