Mzee Amenyamaza

Nyamache, 10 Machi 2024

Kwa jina la Mungu ambaye pumzi zetu zimo mkononi mwake, nakusalimu, binti yangu Bosibori. Natumaini wewe na wanao mu wazima huko Nyamira, na kwamba wanafunzi wako wa famasia wanakusikiliza. Mama yako hajambo, ila goti. Zaidi ya hapo sina neno jema.

Nakuandikia kwa mkono kwa kuwa simu ya nyumba hii ina masikio mengi. Mama yako mkubwa Nyanchoka, mjane wa ndugu yangu, ameuawa.

Jumanne asubuhi alikutwa katika migomba ya jirani yetu Onyiego, amevaa gagulo tu, akichuma hewa kwa vidole kana kwamba anachuma chai, akizungumza na marehemu mumewe. Ng'ombe wa Onyiego alikuwa amekufa Jumapili. Ushahidi huo uliwatosha. Walimburuta hadi kituo cha kuuzia majani chai, wakampiga kwa mawe na mipini ya majembe. Jino lake moja nililiokota mimi. Kisha wakamrudisha nyumbani kwake, wakaufunga mlango kwa nje, wakatia moto. Alilia kwa muda wa wimbo mmoja wa kanisani, beti zote.

Mfuko wake wa dawa ulibaki jikoni kwa mama yako. Nakutumia. Uniambie alikuwa na nini, maana hapa wana jibu moja tu: omorogi, mchawi.

Ni mimi baba yako,
Abner

Nyamira, 24 Machi 2024

Baba yangu mpendwa,

Pokea salamu za heshima, wewe na Mama. Mungu awafute machozi. Mimi nimelia hadi sauti imekauka.

Mfuko niliumimina mezani mbele ya darasa. Dawa aina tisa, kutoka vituo vinne vya afya, na hakuna kituo kilichouliza kingine kilitoa nini. Haron, kijana asiyekosa mzaha, akasema, "Mwalimu, huyu mama alikuwa na duka." Wakacheka. Nikawaambia alichomwa moto wiki mbili zilizopita.

Tukaifuata njia ya dawa hizo. Ya presha ilimvimbisha miguu. Badala ya kuibadilisha, wakamwongezea ya kutoa maji. Hiyo ikamfanya ajikojolee kitandani, akaongezewa ya kuzuia mkojo. Nayo, kwa mtu wa miaka themanini, huweza kuvuruga akili. Mgonjwa huona wasiokuwapo. Mwili huwaka, huvua nguo. Usingizi ukampotea, akapewa vidonge vya usingizi, vya ukoo ule ule wa kuvuruga akili.

Sisi hatufundishi kutupa dawa, Baba. Tunafundisha kukiuliza kila kidonge: ulikuja kwa ajili ya nini, na bado una kazi? Kisicho na kazi hupunguzwa polepole, kimoja kimoja, daktari akijua na mgonjwa akitazamwa, kwa kuwa vingine vikikatwa ghafla huua.

Mwanafunzi mwingine, Maureen, ndiye aliyesoma bahasha ya tisa, ile ya usingizi. Akasema kwa upole, "Mwalimu, mwandiko huu ni wako." Ni wangu. Nilimpa Krismasi, kwa upendo, bila kumuuliza anameza nini kingine. Darasa zima linajua sasa.

Nina swali moja. Wewe ni mzee wa kanisa, na kile kituo cha majani chai kiko hatua mia kutoka lango lako. Ulikuwa wapi?

Binti yako,
Bosibori

Nyamache, 16 Juni 2024

Binti yangu, amani ya Bwana iwe nawe na watoto. Mama yako anakusalimu. Mimi nina mbavu mbili zilizovunjika, na nitakueleza.

Nimekaa na swali lako karibu miezi mitatu. Nilikuwa pale. Onyiego aliwazuia wenzake, akaniambia, "Omogaka, mzee wetu, huyu ni wa kwenu. Ukisema tumwache, tutamwacha." Unaijua desturi yetu: mzee akinyamaza, neno limepita. Niliogopa wasije wakasema nyumba yetu yote ni ya wachawi. Nikatazama viatu vyangu. Mtu mmoja akatangaza, "Mzee amenyamaza," na jiwe la kwanza likamwangukia mdomoni.

Sasa sikiliza. Jana, Sabato, baada ya ibada, Kwamboka, mama yake Onyiego, alitoka nje bila nguo, akiita jina la Nyanchoka. Kundi lile lile likaja na mipini ile ile. Onyiego alipiga magoti mlangoni pa mamaye, uso umepasuliwa kwa jiwe. Wakaniuliza tena, "Omogaka, unasemaje?"

Nikasema, "Leteni mfuko wake wa dawa."

"Mzee anataka kumtibu mchawi," mmoja akasema, "tumpe na uji?" Wakanipiga. Nikarudia maneno yale yale nikiwa chini, hadi mtu akauleta. Nikawasomea bahasha moja baada ya nyingine: ya maji, ya mkojo, ya usingizi. Nikawaambia Nyanchoka alimeza hizo hizo, na kwamba aliyemuua kwanza ni mimi, kwa kunyamaza. Mawe yakashushwa, moja hapa, moja pale.

Onyiego atakuletea mama yake kesho. Mpokee, umpeleke kwa daktari. Najua ninachokuomba.

Ni mimi baba yako,
Abner

Nyamira, 11 Agosti 2024

Baba, salamu nyingi. Mbavu zinaendeleaje? Sisi tu wazima.

Nilimpokea. Daktari ameondoa dawa tatu kati ya saba, kwa wiki nane. Sasa Kwamboka anavaa mwenyewe na kuwasuta wanafunzi wangu. Amemwambia Haron kwamba anavyompima presha ni kama anamfunga kuku. Mwanawe huja kila Jumapili.

Leo Kwamboka ameuliza mbele yake, "Nyanchoka yuko wapi? Mbona haji kuniona?" Onyiego akatoka nje. Amejua alimchoma nani.

Mama huyu ananiuliza kila saa. Nimjibu nini?

Binti yako,
Bosibori

Nyamache, 18 Agosti 2024

Binti yangu, sifa kwa Mungu aliyemrejeshea Kwamboka akili zake. Mbavu zimeunga.

Mwambie kweli, lakini kama unavyofundisha: kidogo kidogo, ukimtazama. Mimi sistahili upole huo. Kesho nakwenda polisi kuandikisha maelezo, na jina la kwanza nitakalotaja ni langu. Asubuhi hii nimekuta kiberiti kimewekwa juu ya lango letu. Nimekitia mfukoni, nitawapelekea polisi. Onyiego amekuja baadaye, amesimama uani bila kuketi. Amesema, "Omogaka, tutakwenda pamoja." Nimemjibu ndiyo, kwa sauti ambayo mama yako ameisikia akiwa jikoni.

Ikiwa hutapata barua nyingine, usinitafutie sababu; unaijua.

Mungu aibariki mikono yako na ya wanafunzi wako, isimpe mgonjwa kitu kabla ya kuuliza. Aibariki nyumba yako, mlango wake usifungwe kamwe kutoka nje, na walio ndani wasikose mtu wa kusema kwa ajili yao. Amina.

Ni mimi baba yako,
Abner