Ile Kampuni Anayotaka Kuingia Siti

Mama yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na lile goti liwe linakuacha ulale. Mimi alhamdulillahi, ila baridi ya Nairobi imenishika mpaka najifunika ile leso uliyonifungia mahamri siku nilipoondoka.

Juzi kwenye simu uliniuliza, "Bakari, hiyo kampuni anayotaka kuingia mdogo wako ni ya halali?" Nikakujibu, "Ndiyo mama, wanalipa," kisha nikasingizia mtandao mbovu nikakata. Tangu hapo nina haya. Najua ukikubali tu, Siti ataacha masomo yake ya uuguzi aje kufanya kazi yangu.

Basi nikueleze kazi yenyewe. Mwanafunzi wa ng'ambo anapewa insha na mwalimu wake, haandiki. Anailipa kampuni, kampuni inanipa mimi, naandika, yeye anaweka jina lake. Hawa si matapeli. Hawakunitoza chochote kujiunga, na siku ya malipo haiwapiti. Kampuni ni ya kweli. Lakini wewe hukuuliza kama ni ya kweli, uliuliza kama ni ya halali.

Mwezi uliopita nilipewa insha kuhusu upandaji wa mikoko. Mama, nilicheka peke yangu! Sikufungua kitabu. Nilikiona kijiji chetu cha Gazi chote: wewe na shangazi mmejifunga vibwebwe, tope magotini, mnasubiri maji yapwe. Nikakumbuka nilivyochomeka mbegu kichwa chini, ukaniuliza, "Wewe, unapanda au unazika?" Nikayaandika yote uliyonifundisha. Nililikumbuka hata lile tope linalonuka.

Mhariri wa kampuni akanirudishia insha, akaniuliza:

"Bosi, hizi habari umetoa wapi? Weka vitabu."

"Nimetoa kwa mama yangu."

"Mama si kitabu, buda."

Akanikata nusu ya malipo. Nikatafuta vitabu vya watu wasiowahi kukanyaga kwetu, nikavipanga chini ya maneno yako. Baadaye mteja akatuma shukrani: mwalimu wake amemsifu, insha inasomeka kama aliyeiandika amesimama mwenyewe matopeni. Mama, nililia. Maarifa yako sasa yana jina la kijana nisiyemjua, na aliyempa ni mimi.

Kwa hiyo jibu langu la juzi nalifuta. Si halali. Mwambie Siti abaki na uuguzi wake, na akikasirika anikasirikie mimi. Nami nimeomba nafasi ya kufundisha katika shule moja hapa mtaani, niombee dua.

Nisalimie baba, na umwambie asipande tena darini na umri ule. Nisalimie shangazi Mwanaidi, mpishi wa muhogo wa nazi ninaouota.

Hapa chini naweka jina langu. Mwaka huu sijaliweka kwenye insha hata moja niliyoiandika.

Mwanao,
Bakari