Samaki wa Kulishia Mashine

Ingham, Queensland
Agosti

Mdogo wangu Silvano,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba baridi ya Adelaide imeuonea huruma mkono wako wa kushoto. Bettina hajambo? Na wajukuu? Huku tupo. Msimu wa miwa umekolea, treni zake zinapita mchana na usiku na kutikisa vioo vya madirisha, nami bado nafua nguo zangu mwenyewe, ila taratibu. Mwandiko uusamehe. Mkono ndio unaotetemeka, si kichwa.

Naanza na habari ya tangi, kwa sababu najua Fabian amekwisha kukupigia. Mwanangu atakuwa amekueleza kwamba mama yake, ajuza mgonjwa wa figo, amenunua mashine mpya ya povu badala ya kugawa samaki na matumbawe yake akapumzika. Ni kweli, nimenunua. Ile ya zamani iliungua, na tangi la matumbawe lisilo na mashine ya povu ni nyumba isiyo na choo. Wewe hujawahi kufuga, kwa hiyo nikueleze. Mashine inasukuma viputo vidogo vya hewa majini, uchafu wa samaki unang'ang'ania viputo hivyo, unapanda navyo hadi unakuwa povu, na povu linamwagikia kikombe kilicho juu. Kazi yako ni kumwaga kikombe na kuziba pua. Kwenye chama chetu cha wafuga samaki, mgeni akiingia kwako hatazami samaki kwanza. Anainama kabatini kukagua kikombe, na akikuta maji meusi kama chai iliyosahauliwa jikoni, anakuheshimu.

Ugomvi ulikuwa juu ya ukubwa. Clive Rasmussen, mwenyekiti wetu, yule fundi mstaafu wa kiwanda cha sukari, alisimama ukumbini na mkate wake wenye soseji mkononi, akatangaza kwamba tangi langu la lita mia nne linataka mashine iliyoandikwa lita elfu moja na mia tano. Akasema mwalimu wa kemia amekuwa bahili uzeeni. Nikamwambia avae miwani asome maandishi madogo kwenye boksi: ile namba kubwa ni ya tangi lenye samaki wachache, na kama samaki wamejaa, uigawe kwa mbili. Tena tangi la mia nne, ukitoa mawe na mchanga, halina maji ya mia nne. Samaki wangu ni watano, wadogo, na nawalisha kidogo. Mashine ya mia tano inanitosha, na inaingia kabatini bila kuukata mlango. Clive akasema, "Ornella, dada yangu, kubwa halijamdhuru mtu." Watu wakapiga makofi.

Nikamwomba basi, mbele ya hao hao wapiga makofi, atupe habari za tangi lake. Lina ukubwa sawasawa na langu, na alilifungia dude la elfu moja na mia tano. Maji yake hayakuwa na uchafu wa kulitosha. Povu likawa linaishia shingoni, kikombe kinakaa kikavu siku kadhaa, halafu ghafla kinafurika hadi sakafuni. Matumbawe yakapauka, kwani nayo hula hicho kidogo kilichomo majini. Mtu mwingine angeirudisha mashine dukani. Clive alinunua samaki. Kikombe hakikujaa, akanunua wengine. Leo wamebanana kama watu kwenye harusi, na anawalisha kutwa ili mashine ipate kazi. Mzee mmoja wa viti vya nyuma akauliza kama samaki hao wanalipwa mshahara. Hata Clive alicheka, ingawa mlangoni aliniambia kwamba mwili wangu wote utakufa na ulimi utabaki unabisha.

Nilicheka njia nzima. Nilipofika nyumbani nikaketi, na cheko likakatika.

Silvano, wewe ndiye uliyenibembeleza nikubali mashine ya Townsville, ile ya kusafisha damu, na niliikubali kwa ajili yako. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa Fabian ananipakia garini kabla hakujapambazuka. Nafungwa kitini nusu siku, narudi nikiwa tambara la deki. Kesho yake nalala. Keshokutwa twende tena. Machungwa nimekatazwa, nyanya nimekatazwa, glasi ya pili ya maji nainyemelea kama mwizi jikoni mwangu mwenyewe. Clive anafuga samaki kwa ajili ya mashine. Nanyi, kwa mapenzi yenu yote, mlikuwa mnanifuga mimi.

Basi sikia. Jumapili kwenye simu nilikuambia daktari amenipa mapumziko. Nilidanganya, na Fabian nilimdanganya vilevile. Nimeacha. Daktari alinieleza yote bila kunificha: ni siku chache, au majuma machache nikibahatika. Nikamshukuru, nikatia sahihi. Muuguzi anakuja hapa kila asubuhi, dawa za maumivu anazo, na siogopi. Jana nilimwambia Fabian ukweli. Alilia, kisha akasema atamwita mjomba wake aje anirudishie akili. Akili ninayo, Silvano. Ndiyo pekee iliyobaki nzima.

Aliniuliza pia mtu anayekufa anunue mashine ya nini. Nilimjibu kwamba matumbawe hayajui kama naumwa, na sitaki kuyatazama yakioza mbele yangu. Nikishaondoka wanachama watakuja na ndoo zao, kila mmoja akate kipande chake, ndivyo tunavyofanyiana. Mashine nimemrithisha Clive. Tuone kama atakuwa na haya ya kuitumia.

Lililonifanya nishike kalamu ni hili. Nikianza kulegea, Fabian ataita gari la wagonjwa. Namjua. Nitafia barabarani, nikipelekwa palepale nilipopakataa. Mimi hanisikii, wewe anakusikia. Mpigie leo, umwambie akae kando ya kitanda, anishike mkono, asiguse simu. Ukitaka kuja, njoo, kitanda cha chumba cha mbele kimetandikwa, na napika mchuzi wa nyanya kila siku, sahani mbilimbili. Lakini usije na maneno ya kunishawishi. Yaache Adelaide.

Nilitaka kuandika kwamba nakuomba. Hapana. Mimi ndiye mkubwa, nami nakuambia: mpigie mtoto.

Mbusu Bettina kwa niaba yangu, na wajukuu mmoja mmoja kwa jina.

Ni mimi dada yako, nyumbani kwangu,
Ornella