Salamu za Ijumaa

Kaloleni, Kisumu
9 Juni 2025

Mpendwa Dada Dorca,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Aberdeen, na kwamba lile goti halikusumbui tena kwenye baridi. Sisi tu wazima. Mvua imepungua, na Mama anakula vizuri.

Shangazi Selpha tulimzika kwa heshima Ijumaa. Wimbo ulioutaka uliimbwa. Kwa ajili ya mazishi nilikuwa nimeahirisha kipindi changu cha mtandaoni, na hapo ndipo lilipoanzia jambo ninalotaka ulipime kama mwanasheria.

Chuo kimeunda idara ya kutusaidia sisi tunaofundisha mtandaoni. Msaidizi wangu ni Jentrix, binti mwenye adabu na ujuzi. Hurekebisha sauti, huwaingiza wanafunzi darasani, na hurekodi kila kipindi, ati kwa faida ya wenye mtandao hafifu. Sikuwahi kuuliza rekodi hizo huenda wapi.

Leo mwanafunzi wangu Nasambu alinilalamikia mbele ya wenzake: "Prof, Ijumaa mbona uliniruka ukamsalimia Naswa? Huyo si alimaliza mwaka jana!"

"Prof anazeeka, bana," mwingine akadakia, wakacheka.

Unaijua desturi yangu: sifundishi kabla sijamwita kila mmoja kwa jina na kumuuliza kwao kukoje. Basi Ijumaa, nikiwa nimesimama kando ya kaburi la Shangazi, sauti yangu ya rekodi ya mwaka jana ilikuwa darasani ikiwajulia hali watu waliokwisha kuondoka.

Nilimpigia Jentrix simu. "Prof, kwani shida iko wapi? Tulikuwa tunakusaidia tu." Huenda ni kweli. Lakini jioni hii idara imenishauri, kwa upole mwingi, niache kuwasalimu wanafunzi kwa majina. Eti kunapoteza muda. Tena wanataka nisaini kuwapa haki ya rekodi zote, la sivyo muhula ujao sitapangiwa somo.

Kipindi kisicho na majina hakina mwaka, Dada. Kinaweza kurudiwa hata nikiwa nimestaafu, au nimefukuzwa.

Sitasaini kabla sijapata jibu lako. Kesho nitaanza na Nasambu, kwa jina lake, nimuulize kama mvua imenyesha kwao, kisha niwafikie wengine wote bila haraka.

Nisalimie Shemeji Bildad na mwanetu Sheryl. Mungu awafunike kwa amani yake.

Ni mimi nduguyo, nikupendaye siku zote,
Zadock