Majani Aliyofukia Bi Mwanahawa

Jumatatu, 7 Julai 1952
Maji, palizi, maji tena. Matuta manane ya nyanya yamenyauka asubuhi, na udongo ungali mbichi. Za jirani yangu Bi Mwanahawa zimesimama, na kati yetu ni ua wa makuti tu. Nina kijicho. Bora niandike hivyo hivyo.

Alhamisi, 10 Julai
Nimemwona Bi Mwanahawa akifukia majani yaliyotwangwa kwenye tuta tupu, karibu na ua. Kisimani nikawaambia wenzangu: mama yule anafukia vitu. Sikutaja uchawi. Nilijua watautaja wao.

Jumapili, 20 Julai
Arusi ya binti yake. Hapa mtaani kwetu Temeke hakuna mwanamke aliyekwenda kumsaidia kupika. Masufuria kainjika mwenyewe na dada yake. Mie nimejifungia ndani. Vigelegele vya watu wawili.

Jumanne, 22 Julai
Bwana shamba amekuja. Kang'oa mche wangu mmoja: mizizi imevimba vinundu kama tangawizi. Minyoo ya udongoni, kasema, midogo mno, haionekani kwa macho. Akauliza mbona za jirani ni nzima. Tukaenda.

Bi Mwanahawa hakuficha kitu. Majani ya mwarobaini. Unayatwanga, unayafukia, unangoja wiki mbili ndipo upande. Akanigeukia.

"Ungeniuliza, mwanangu, ningekuambia."

Anajua ni mimi.

Jumatano, 23 Julai
Sikwenda kisimani.

Kuna jambo sikuliandika. Siku ile, kila akifukia, alisema bismillahi. Nilimsikia vizuri. Kisimani sikulisema hilo.

Alhamisi, 24 Julai
Nimewaambia wote. Nimemsingizia Bi Mwanahawa, yale ni majani ya mwarobaini, dawa ya minyoo ya nyanya. Wengine wakainama kuteka maji. Mama Zuhura ndiye aliyenitazama.

"Na arusi ya mtoto wake, utamrudishia?"

Nikajitwika ndoo, nikarudi nyumbani.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimeng'oa nyanya za matuta yote manane na kuchoma mizizi. Kutwa nzima kinuni. Mikono inanuka uchungu wa mwarobaini. Nimeyafukia majani, sasa ni kungoja.

Alasiri Bi Mwanahawa alipita na kapu lake. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba. Hakusimama.