Siku Tuliyonyamaza Ili Bosi Aseme

Nyumbani, mezani pa cherehani,
Jumapili, 15 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. U hali gani, na baridi ya huko imeshakuzoea au bado mnagombana? Wifi yangu na watoto hawajambo? Na mgongo wako je, umekwenda kuupima au bado unautibu kwa ahadi? Sisi huku tu wazima. Bi Mkubwa miguu inamsumbua asubuhi, lakini ulimi wa mama yetu haujapata kuumwa hata siku moja. Shemeji yako anaendelea na mabomba ya watu, kila jioni anarudi amelowa chapachapa.

Najua umeninunia kwa kimya changu. Sikuwa na la kukuambia ila malalamiko, na hayo nimeona nisubiri mpaka yapate mwisho.

Habari yenyewe ni ya mpwa wako Bosi. Nilikudokezea ule mfuko wa serikali unaowalipia watu wasioweza kusema mashine ya kusemea. Ni kama simu kubwa: mtu anagusa herufi au picha, nayo inatamka kwa sauti. Kuinunua wenyewe tusingethubutu hata kuiulizia bei. Chuo cha uhasibu kilishamkubali mwanangu, ila kwa sharti awe na njia ya kumjibu mwalimu yeye mwenyewe, bila mtu wa pembeni wa kumsemea. Kwa hiyo bila mashine hakuna chuo, na kichwa chake kwenye hesabu unakijua.

Mfuko ukamtuma mtaalamu wa usemi, dada mmoja mpole mwenye miwani, aje amwone nyumbani. Hapo ndipo tulipojichongea. Bosi tumekaa naye tangu azaliwe na huo mtindio wake wa ubongo. Akitazama juu tunajua ni ndiyo, akifumba macho ni hapana, akivuta pumzi kwa nguvu ujue kuna mtu kaongea upuuzi, na mara nyingi ni baba yake. Basi kila mgeni alipomuuliza swali, sisi watatu tukawa tunagombania kujibu. Alipomuuliza anapenda nini, mimi nikasema hesabu, baba yake akasema mpira, Bi Mkubwa akasema kulala. Halafu Bi Mkubwa akajazia kwa majivuno kabisa kwamba huyu mtoto anaongea kutushinda sote humu ndani.

Tukamsindikiza mgeni hadi barabarani tukichekelea, tukidhani tumempigania mtoto. Majibu yakaja: mwombaji anawasiliana vizuri na familia yake, kifaa si cha lazima. Shemeji yako akasema atakwenda kuwafungia maji ofisini kwao. Bosi hakulia. Alivuta ile pumzi yake, na safari hii ilikuwa yetu sote.

Nilikwenda ofisini kwao damu imenichemka. Nikamwambia yule dada kwamba mimi sitaingia darasani na mwanangu kila siku, wala sitaishi milele. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa maneno, kisha akaniuliza ni lini Bosi alijibu swali la mtu nikiwa sipo. Nikamwomba arudi amwone tena. Akasema atarudi, ila siku hiyo asisikie sauti ya mtu mwingine yeyote.

Ndugu yangu, kunyamaza ni kazi ya sulubu. Baba mtu tulimtoa nje. Bi Mkubwa alikaa chumbani kwake, mlango wazi, kwa sharti kwamba atakohoa tu. Mimi najijua, kwa hiyo nilijaza pini midomoni kama ninapopinda nguo ya mteja. Mwenye pini mdomoni hawezi kumjibia mtu.

Yule dada akamuuliza Bosi angependa kunywa nini. Bosi akanigeukia. Nilijua anataka maji yasiyo baridi, kama siku zote, nikatazama ukuta. Akatoa mlio wa koo, akanitazama tena, machozi yakaanza kumtoka, na yule dada anaandika tu. Nilijiona namtesa mwanangu mbele ya mgeni. Nakuambia kweli, iliniuma kuliko uchungu wa kumzaa.

Ndipo yule dada akafungua mashine ya majaribio, akamwekea mbele na kumwambia aseme lolote. Bosi akaanza kugusa herufi kwa kifundo cha kidole, anakosea, anafuta, anaanza upya. Chai yetu ikapoa. Mwishowe mashine ikasema, kwa sauti ya mtangazaji wa redio: "Mama anajibu vizuri. Lakini yale ni majibu yake."

Nilizitema pini kiganjani nikalia, bila kujali mgeni. Bosi akaendelea kuandika wala hana habari nami. Alitaka soda, tena ya baridi.

Basi wamekubali, na mashine imefika wiki iliyopita. Ikiharibika, mfuko ndio utakaoitengeneza. Chuo kinaanza muhula ujao. Sikudanganyi kwamba ni mteremko. Anaandika polepole, watu hawana subira, na mimi mwenyewe nafungua mdomo kummalizia sentensi, ananitazama, naufunga. Baba yake naye ameambiwa mpira haupendi hata kidogo, alikuwa anakaa naye kwa huruma. Alinuna mpaka kesho yake.

Ukikutana huko na mzazi mwenye mtoto wa namna hii, mwambie siku ya mtaalamu asijifanye hodari. Akae kimya, roho imuume.

Bi Mkubwa anakusalimu, na anasema ukija ulete viatu vya kufunika vidole. Shemeji yako anakusalimu. Fundi viatu wa pale kona naye anakuulizia kila nikipita. Mfikishie wifi salamu zangu, na watoto uwabusu mmoja mmoja.

Salamu za Bosi sikuletei. Nilimuuliza nikuandikie nini kutoka kwake, akagusa herufi muda mrefu, mashine ikasema: "Usiandike kitu. Nitampigia mjomba mwenyewe. Wewe utakaa nje." Kwa hiyo Jumapili ya wiki ijayo, jioni, usiwe mbali na simu. Akikawia kati ya neno na neno, usikate, na usimmalizie. Mimi nitakuwa uani. Na mkishazungumza, tafadhali usinisimulie.

Mungu akulinde wewe na wote walio chini ya paa lako.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Fundi Cherehani